Mrudini Nyumbani

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Shikamoo dada yangu. Vipi magoti? Mara ya mwisho ulisema la kulia linakuamsha kabla ya jogoo, na tangu hapo nimekuwa nikilitaja katika sala zangu, la kulia peke yake, maana la kushoto hukulilalamikia. Shemeji hajambo? Sisi huku tunapumua. Mzee wangu, baba wa watoto, kikohozi kimemwachia, na watoto wanakula kama mchwa.

Umenilaumu kwamba barua zangu ni fupi kama risiti ya duka. Ni kweli. Baada ya kufua kutwa nzima, vidole vyangu vikishika kalamu vinakuwa kama vya mtu mwingine. Basi nimenunua daftari hili. Nitaandika kidogo kidogo msimu wote wa mvua, na mvua zikikatika nitalifunga kwa kamba nikutumie lote kama lilivyo. Ukikuta nimekosea herufi, usinicheke. Ulisoma wewe, mimi nilibaki kumbeba Kitinda, mdogo wetu, mgongoni.

Bado niko chumba cha kufulia hospitalini. Tuko watatu. Mimi nafua. Yule shoga yangu wa mtaani, mrefu, anaanika, na kwa urefu wake tunamwita Kamba. Wa tatu ni mgeni, anapiga pasi, na sisi tunamwita Pasi ili tusilazimike kumwita jina lake. Ni mtu wa mlimani. Umesoma vizuri, dada. Wa mlimani. Mkubwa wa hospitali kasema miaka kumi na moja inatosha, sasa watu wa mlimani na wa bondeni wafanye kazi chumba kimoja. Mkubwa mwenyewe alihamia hapa juzi. Hakuzika mtu.

Tarehe 5

Leo nimegombezwa kwa sababu yake. Wiki iliyopita tulipeleka shuka mpya wodi ya wazazi. Asubuhi Matroni akaingiza kichwa mlangoni akauliza zile shuka mpya vipi. Nikamtupia Pasi swali kupitia mvuke. Akajibu, "Zimerudi." Basi, neno moja, kama mtu anayetema mbegu.

Mimi nilivyofundishwa na dobi wa zamani, nguo ikirudi imenywea, imekuwa fupi. Nikamwambia Matroni shuka zote zimerudi, hazitafika miguuni. Matroni akashika simu akamfokea muuza vitambaa, naye akaja mwenyewe kwenye mvua na futi yake ya kupimia. Akapima moja, akapima ya pili, ya tatu. Ndefu vilevile. Kumbe yule mwanamke alimaanisha zimerudi kutoka wodini.

Tukasimamishwa mlangoni kama watoto waliovunja kikombe. Pasi akasema nimefanya makusudi ili aonekane mjinga. Mimi nikasema asiyejua maneno ya kufulia akafue kwao mlimani. Kamba alicheka mpaka akaangusha vibanio. Mungu anisamehe, na mimi nilicheka.

Tarehe 6

Mvua. Hakuna kilichokauka.

Tarehe 11

Dada, kaa chini kwanza.

Leo alikuwa akipiga pasi huku akinung'unika wimbo, mdomo umefungwa, kama mtu asiyejua kwamba anaimba. Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji ya moto nikahisi baridi mpaka kwenye viwiko. Unaujua wimbo wenyewe. Mrudini, mrudini nyumbani.

Kwetu kumrudi mtu ni kumtia adabu kwa fimbo, na hata mtoto anajua hivyo. Mrudini nyumbani: mpigeni humohumo kwake. Siku ile nilikuwa mlangoni, wewe nyuma yangu, na mvua kama hii ya leo. Walikuwa wakishuka kuelekea darajani, kundi zima, na kishindo cha bati, sijui walikuwa wakipiga nini, wakiimba hayo maneno. Nikatoka barabarani nikapaza sauti yangu yote: wanakuja kuturudi, wanakuja kuturudi majumbani. Vijana wetu wakatoka na kila walichokishika. Wakakutana nao darajani. Kitinda alikuwa na miguu mepesi kuliko wote, akafika wa kwanza.

Mpaka leo mtaani hakuna anayeniita kwa jina langu. Mimi ni Kengele. Ibadani nina kiti changu mstari wa mbele, hata nikichelewa hakikaliwi. Wanasema bila sauti yangu tungechinjwa tumelala mchana.

Na huyu anauimba kazini, juu ya shuka za wagonjwa. Nikafungua bomba mpaka mwisho ili nisimsikie. Maji yalijaa yakamwagika sakafuni yakamfika miguuni. Hakuhama.

Tarehe 14

Leo Mkubwa wa hospitali alikuja na bwana mmoja kutoka ofisi fulani inayoshughulika na amani, viatu vyake vinang'aa, akasimama penye maji bila kujua. Akasema mwisho wa mvua litafunguliwa jengo jipya la wodi, na sisi wafanyakazi tutaunda kwaya, wa mlimani na wa bondeni pamoja. Kila upande ulete wimbo wake na ujifunze wa wenzake. Muziki ni daraja, alisema. Alilisema mara nne. Nilitaka kumwambia, bwana, sisi daraja tunalo, njoo nikuonyeshe mahali nilipokuta kiatu cha ndugu yangu.

Matroni kwa upande wake hakuwa na maneno matamu. Asiyetaka kuimba, alisema, atahamia kufua nguo za chumba cha maiti.

Nikajiandikisha. Si kwa ajili ya amani, dada. Kwa ajili ya harufu.

Tarehe 18

Mazoezi ya kwanza, chumba cha kukaushia, katikati ya shuka zinazoning'inia. Anayetufundisha ni karani wa stoo, mzee mwenye upara, tunamwita Nota. Mama yake wa bondeni, baba yake wa mlimani, kwa hiyo kila upande humwona ni wa upande wa pili. Hana rafiki wa kunywa naye chai. Tulisimama sisi ukutani huku na wao ukutani kule, yeye katikati na filimbi yake ndogo, kama mwamuzi wa mechi ambayo mpira wenyewe haujaletwa.

Akasema tutapangwa kwa sauti na si kwa ukoo. Akatusikiliza mmoja mmoja. Mimi sauti ya pili. Pasi sauti ya pili. Bega kwa bega. Ananukia wanga wa nguo na kitu kama chuma cha moto.

Na makofi, dada. Sisi tunapiga pale neno linapotua. Wao wanapiga pale pumzi inapoingia. Ukituweka pamoja ni kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja huku kila mmoja akimgonga mwenzake mchi. Nota alishika upara wake kwa mikono miwili. Mmoja wa wauguzi wao akasema watu wa bondeni hawana masikio. Kamba akamjibu masikio tunayo, tunayafunga tukisikia mbwa. Mazoezi yakaishia hapo.

Tarehe 20

Leo nimempelekea shuka sitini zikiwa bado mbichi, sikuzikamua. Pasi ikimwagiwa maji hivyo inatoa mvuke mpaka huoni mkono wako. Akafanya kazi mpaka saa ya kutoka na nyingine zikabaki.

Tarehe 21

Leo nimeikuta sare yangu imekunjwa vizuri rafuni. Mgongoni ina alama ya pasi, kamili, na ncha yake.

Tarehe 22

Nimeivaa hivyohivyo. Wodini wagonjwa walikuwa wakigeuza shingo.

Tarehe 27

Nakwambia wewe tu. Wimbo wetu, ule wa kupokea wageni tuliofundishwa na bibi, wenzetu wameushika kwa siku tatu. Kamba mpaka leo anachanganya ubeti wa pili na wa tatu. Pasi haukosei. Anauimba kama mtu anayeingia nyumba ya watu kwa adabu, haburuzi miguu. Kinachoniudhi ni kwamba nikiimba karibu naye sauti yangu inakuwa nzuri zaidi. Nilijaribu kuimba vibaya makusudi. Nota akanitazama tu.

Nimemwomba Mungu aniondolee chuki. Halafu nikamwomba asiiondoe yote, maana nikibaki bila chuki nitamwambia nini Kitinda siku tutakapoonana?

Tarehe 30

Pasi kaniuliza, mara ya kwanza kunisemesha jambo lisilohusu nguo, kwa nini watu wananiita Kengele. Kabla sijafungua mdomo, Kamba akadakia: "Kwa sauti yake. Ngoja siku uisikie."

Tarehe 3, mwezi wa nne

Leo nitaandika yote.

Leo ilikuwa zamu yao kutufundisha wimbo. Mvua ilikuwa ikivuja kila mahali, tumetega mabeseni sakafuni, tii, tii, tii. Pasi akatoka mbele. Akainama, akachukua beseni moja la bati, akamwaga maji yake nje ya dirisha, akaligeuza na kuanza kulipiga kwa kiganja. Dada, kabla hajafungua mdomo nilijua. Ni kishindo kilekile. Siku ile yalikuwa mabeseni.

Akaimba. Mrudini, mrudini nyumbani.

Mpishi mkuu wa upande wetu, yule aliyepoteza jicho darajani, akavua kofia kama yuko mazishini. Nikasikia mtu akisema huo ni wimbo wa kuua, watu wazima na akili zao wanaimba wimbo wa kuua hospitalini, na kumbe aliyesema ni mimi.

Pasi akaacha kupiga. Akauliza, "Wa kumuua nani?"

Nikamwambia asijifanye. Mrudini maana yake mpigeni. Tuliusikia kwa masikio yetu siku mliyoshuka kutupiga.

Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akasema kwao mlimani mtu akipotea, unamrudi. Unamrudi kwa mama yake. Mtoto asipoonekana, wanawake wanatoka na mabeseni, wanapiga na kuimba njia nzima, ili kama yuko vichakani au analia mahali asikie na kuifuata sauti, na kama kuna mtu kamwona, amrudishe.

"Siku ile tulikuwa tunamtafuta mwanangu," akasema. "Mkatupokea kwa mawe."

Nikamwambia ni mwongo. Nililisema mara mbili. Ya pili haikuwa na nguvu. Wakaanza kusukumana, wahudumu wao na wa kwetu, kamba moja ikakatika, shuka safi zikaanguka ndani ya matope ya viatu. Nota akawa anapuliza filimbi yake katikati yao huku analia, mzee mzima. Nikatoka. Nimetembea na mvua mpaka nyumbani bila mwavuli, ingawa mwavuli nilikuwa nimeushika mkononi.

Tarehe 4

Sikwenda kazini. Nimesema ni tumbo.

Tarehe 6

Nilikuwa na hakika kwamba ningepata mashahidi. Nikaanza na mzee wangu. Nikamuuliza, siku ile ulisikia nini? Alikuwa anashona kiatu. Akasema, nilikuwa nyuma ya nyumba, nikasikia wanakuja kuturudi. Nikamuuliza, kutoka kwao? Akaacha sindano. "Hapana," akasema. "Kutoka kwako."

Nikaenda kwa Kamba. Yeye alikuwa jikoni, alisikia sauti yangu akakimbia na mchi. Nikaenda kwa mpishi mkuu. Akasema, Kengele, si wewe ndiye uliyetuambia? Nikaenda nyumba nane, dada, na daftari langu kwapani kama karani wa sensa. Kila mmoja alisikia. Kila mmoja alisikia kwangu.

Na sasa nikifumba macho nawaona wakishuka, na mbele yao ni wanawake. Wanawake walikuwa mbele, wameloa, wamejifunga nguo viunoni. Nimewaona miaka yote hii na sijawahi kuwataja. Tangu lini watu wakaenda vitani wametanguliza mama zao na mabeseni?

Tarehe 9

Ibadani leo nimekaa mstari wa nyuma, karibu na mlango. Kiti changu cha mbele kikabaki wazi. Watu walikuwa wakigeuka kunitazama, wakidhani naumwa.

Tarehe 10

Nimerudi kazini. Kamba kanikumbatia, kasema tumeshinda, wimbo wao hautaimbwa, Matroni kaukata. Nikafua.

Tarehe 12

Nimesema.

Nilisubiri Kamba aende kuanika nyuma ya jengo, maana jua lilichungulia kidogo. Pasi alikuwa mezani ananyoosha shuka ya mtoto. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu alfajiri, mazuri, yenye Mungu ndani yake. Yote yalinitoka. Nikamwambia tu kwamba Kengele ni kwa sababu ya siku ile. Kwamba wimbo waliusikia wengi lakini aliyeutafsiri ni mimi. Kwamba nilikuwa mtu mmoja, mlangoni kwangu, nikasikia neno lenu kwa sikio langu, nikalipigia kelele barabara nzima.

Hakuinua kichwa. Pasi ilikuwa imesimama mahali pamoja juu ya shuka. Nikaona moshi mwembamba, kisha harufu, kisha kitambaa kikawa cha kahawia pembeni mwa chuma. Hakuiondoa, na mimi sikuthubutu kuigusa.

Akaanza kusema, polepole, kama anamhesabia mtu siku. Mtoto alikuwa wa kike, miaka sita. Aliteremka kuteka maji, mto ukajaa ukamkatia njia ya kurudi. Mwanamume mmoja mpita njia akawaambia kamwona ng'ambo, upande wetu, chini ya daraja, kakaa juu ya jiwe analia. Walikuwa wanavuka kuja kumchukua. Walihitaji kuvuka tu.

"Alipatikana siku ya tatu," akasema. "Jiwe lilikuwa palepale."

Dada, kutoka mlangoni kwetu mpaka chini ya daraja lile ni hatua ngapi? Mia mbili? Sisi tulikuwa karibu naye kuliko mama yake.

Nikaanza kusema nisamehe. Akainua mkono. Akasema, "Usiniombe hapa. Hapa napiga pasi." Akasema pia kwamba aliyemuua ndugu yangu hamjui, na hata angemjua asingenitajia. Nilishukuru kwa hilo, sijui kwa nini. Angalau halikuwa neno la kupakwa sukari.

Kisha akainua pasi. Shuka ilikuwa na tundu, lenye ncha, kama la mgongoni mwangu. Akaikunja ndogo akaitia mfukoni mwa sare yake, si kwenye kapu la matambara. Akafika mlangoni akageuka.

"Wanakuita Kengele," akasema. "Basi siku ya kuimba utaanzisha wewe. Ulilia vibaya mara moja. Lia vizuri, mwanangu asikie."

Tarehe 13

Nimekwenda kwa Matroni kuomba wimbo wao urudishwe. Akaniuliza, urudishwe au urudi? Hakuwa anatania, maskini, tangu zile shuka anaogopa hilo neno. Kakubali.

Tarehe 15

Kamba kajua. Hasemi nami. Ananirushia vibanio badala ya kunipa.

Tarehe 19

Mazoezi. Watu watano wa upande wetu wamejitoa, wamechagua chumba cha maiti. Mpishi mkuu kabaki, lakini haimbi, anasimama tu. Nota kaniuliza nitapiga makofi wapi, pale neno linapotua au pale pumzi inapoingia. Nikasema sijui. Pasi akanishika kiganja, mara ya kwanza kunigusa, akakigonga juu ya beseni, kwa nguvu, kama anamfundisha mkaidi. Hapo. Hapo. Hapo. Mkono umevimba.

Hatuzungumzi. Usidhani tumekuwa marafiki. Jana nimemkanyaga bila kukusudia, nikasema samahani, akasema utazimaliza lini.

Tarehe 24

Mvua usiku na mchana. Mto uko juu.

Tarehe 26

Ibadani wameniwekea kikao. Wazee watatu. Wamesema hawakatai kwamba huenda neno lilikuwa na maana mbili, lakini damu ilimwagika, na Kengele akianza kusema alilia bure, basi vijana wetu walikufa bure. Ni bora ninyamaze. Nikawauliza, na Mungu naye tumwambie anyamaze? Mmoja akasema ulimi wangu ulikuwa baraka, sasa umegeuka. Nimetoka bila kuinua macho. Kiti cha mbele kimeshapewa mtu.

Mzee wangu kanisubiri nje na mwavuli. Njia nzima aliushikilia zaidi upande wangu, yeye akaloa bega.

Tarehe 2, mwezi wa tano

Leo jengo limefunguliwa.

Anga lilikuwa safi. Walipanga viti uani, wetu kushoto, wao kulia, hakuna aliyewaambia. Yule bwana wa viatu akaja, akasema muziki ni daraja, wapiga picha wakampiga picha. Tukaimba wa kwetu kwanza. Ulikwenda vizuri, watu walipiga makofi.

Kisha nikatoka mbele na beseni. Nilikuwa nimevaa ile sare ya alama mgongoni, kwa hiyo kwaya nzima ilikuwa inaitazama pasi. Nota alitaka nianze moja kwa moja, lakini nilijua nikianza hivyo hivyo watu wetu watasikia kile nilichosikia mimi. Nikasema, wenzangu mnanijua kwa sauti. Neno mtakalosikia nililisikia vibaya miaka kumi na moja iliyopita, nikawasikizisha na ninyi. Halikuwa fimbo. Walikuwa wanaita mtoto. Mtoto alikuwa kwetu.

Halafu Kamba, pale kwenye viti, akasimama, mrefu vile, akasema, "Wamekupa nini, Kengele? Ndugu yako umemuuza kwa bei hiyo?" Akatoka. Wengine wakamfuata, viti vinaburuzwa, karibu nusu ya upande wetu. Mtu mmoja alipita mbele yangu akatema mate, yakaanguka ndani ya beseni. Nililigeuza.

Nikapiga. Nikaita. Mrudini, mrudini nyumbani. Sauti ilinitoka ileile ya siku ile, dada, sikuwa na nyingine. Pasi hakupokea pale alipotakiwa kupokea. Nikaita mara ya pili peke yangu, uani kote, nikadhani ameniacha niaibike, na kwamba ni haki yake. Mara ya tatu akapokea. Wakapokea wote. Mpishi mkuu, aliyekuwa anasimama tu, nilimsikia naye, sauti mbovu, nyuma kabisa.

Ilipokwisha wa upande wa kulia hawakupiga makofi. Wanawake wao walikuwa wamesimama. Kumbe wimbo ule haupigiwi makofi, mtu akiuimba watu husimama na kusikiliza kama kuna anayejibu. Tulisikiliza. Palikuwa na matone tu, yakidondoka kutoka kwenye paa jipya. Yule bwana wa viatu akaanza kushangilia peke yake, akaacha.

Pasi akachukua beseni mkononi mwangu. Akasema, "Ulichelewa mpigo mmoja."

Tarehe 3

Asubuhi nimekuta ukuta wetu umeandikwa kwa mkaa: Kengele imepasuka. Mzee wangu kaufuta kwa maji. Maandishi yanaonekana bado.

Kazini shuka zilikuwa nyingi. Nilizikamua vizuri.

Tarehe 6

Mvua zimekatika. Nalifunga daftari hili leo, dada yangu, lakini sikuahidi kulifunga bila swali.

Tulikuwa wawili mlangoni siku ile. Wengine wote walisikia kwangu, wewe peke yako ulisikia kwao. Nakumbuka mkono wako kwenye bega langu kabla sijatoka barabarani. Ulinivuta, na ulisema neno moja karibu na sikio langu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga kelele, sikukusikia kwa sababu ya sauti yangu mwenyewe. Miaka yote hii nimejiambia kwamba ulisema kimbia. Mwezi ule ule ukafunga mizigo ukahamia huko kwa shemeji, na hujawahi kuja tena, hata kwenye kaburi la Kitinda, na mimi sikuwahi kukuuliza kwa nini.

Tangu nimelipiga lile beseni, nausikia mkono wako tena begani, na neno ninalolisikia si kimbia. Ni ngoja.

Sikulaumu. Ukinilaumu wewe nitapokea. Ila Pasi kaniuliza jana, bila kuinua kichwa, kama mlangoni kwetu palikuwa na mtu mwingine, na nikamwambia nitamjibu nikishajibiwa. Msalimie shemeji, na paka hilo goti mafuta ya moto kabla ya kulala. Kisha chukua kalamu, hata kwa mstari mmoja, uniambie ulisema neno gani. Tafadhali nijibu mapema.

Mdogo wako